Mswaki Haukubali Kuzikwa

9 Januari

Mdogo wangu Kitindamimba,

Salamu hizi zikukute salama, wewe na wifi na watoto. Sisi huku tunapumua, na anayepumua ana la kushukuru. Mguu wangu wa kushoto umepoa tangu nilipoacha kusimama jikoni pale shuleni kutwa nzima. Sasa napika nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na walimu wamezoea. Mpwa wako amepandishwa cheo zahanati, ndiye mkunga mkuu, na ukali umempanda pamoja na cheo. Juzi ameniambia mimi mama yake nikae kwenye foleni. Anauliza kama jino la wifi lilitoka lote.

Nimeandika kwa sababu mnara wa simu husimama siku mbili ukalala tano, na maneno haya sitaki yakatike katikati. Nampa dereva wa lori la chumvi. Ameapa kwamba atayafikisha kambini kwenu.

Sasa jambo lenyewe. Mchanga umefika. Ulipokuja mara ya mwisho ulikuwa nyuma ya kiwanja cha shule. Leo umesimama nyuma ya safu yetu, ile ya mwisho yenye nyumba kumi na tatu, na unakitazama kisima. Nimepima kwa miguu yangu, ukiwemo ule mbovu: hatua sitini na mbili kutoka mdomo wa kisima hadi chini ya lile tuta kubwa. Bwana Ardhi alikuja na kopo la rangi nyekundu akatia alama kila mlango. Akasema mwisho wa mwezi wa kumi atarudi kupima, na mchanga ukiwa umefika kisimani, tutahamishwa wote kwenda njia panda. Nikamuuliza, "Na kisima nacho mtakipakia kwenye gari?" Akacheka kwa adabu. Njia panda hakuna hata tone la maji, wewe unajua.

Mimi sihami. Usidhani ni ukaidi wa uzee, sijazeeka. Nimemzika mume wangu hapa, nimezaa hapa, na nimeliombea jambo hili siku nyingi mpaka moyo ukatulia. Lakini nia bila ujuzi ni chungu bila maji. Kila siku baada ya sala ya asubuhi tunatoka wanawake na mabeseni na mafagio, tunazoa mchanga uliosogea kisimani, tunautupa upande wa pili. Jioni umerudi. Wewe ni mwendesha greda, miaka yote hii kazi yako ni kuutoa mchanga barabarani. Niambie mnaufanyaje.

Na swali la pili. Unavikumbuka vile vilima upande unaotoka upepo, kila kimoja kimevaa kichaka cha mswaki kichwani kama kilemba? Tulikuwa tunajificha humo wakati wa kuosha vyombo. Miaka saba iliyopita alikuja mtu na mashine akavilaza karibu vyote chini, ati njia ya kwenda machimbo ya mawe. Machimbo yenyewe hayakumaliza miezi miwili. Mwaka uliofuata mchanga ukaanza kutembea. Nyinyi watu wa mashine mnajuana. Nani alifanya kazi ile? Si kwa ugomvi. Nataka kumuuliza tu aliona nini pale.

Dada yako, kifunguamimba, mwenye haki ya kujibiwa haraka.


17 Februari

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua ilifika ikiwa na chumvi ndani ya bahasha, nimeipukuta kama samaki. Wifi yako mzima, jino lilitoka, sasa anacheka na mkono mdomoni. Mkubwa amefaulu mtihani. Mdogo amefaulu kuvunja kioo cha jirani. Tunamshukuru Mungu kwa vyote viwili, cha pili kwa shida kidogo.

Umeniuliza tunaufanyaje mchanga. Dada, nitakwambia ukweli unaoniaibisha: hatuufanyi kitu. Nausukuma kushoto asubuhi, kesho yake nausukuma tena. Miaka kumi na tisa. Kama mchanga ungekuwa na kumbukumbu tungekuwa marafiki. Kwa hiyo acheni kubeba, mtaumia migongo bure.

Hapa kambini ameletwa mtaalamu wa mimea, mwanamke mmoja mwembamba mwenye kofia kubwa. Tunamwita Bibi Mbegu. Kazi yake ni kuotesha vitu kando ya barabara. Nilimsomea barua yako, sehemu ya kwanza. Akaniambia hivi: mchanga hauna miguu, unaazima miguu ya upepo. Upepo ukikutana na kichaka unapungua mwendo, unaangusha ulichobeba. Ndivyo vilima vile vilivyotokea. Mswaki ulianza kwenye ardhi tambarare, ukadaka mchanga, mchanga ukaufunika, nao ukarefuka ukatoa kichwa juu. Ukafunikwa tena, ukapanda tena. "Mswaki haukubali kuzikwa," anasema. Kilima kimoja kinaweza kuwa na umri wa babu.

Amenipa gunia la mbegu za aina tatu nikutumie: mswaki, mgunga, na nyasi moja inayotambaa. Pandeni kwa safu inayoukinga upepo, si inayoufuata, mara tu mvua ikidondoka.

Lakini dada, nami nina langu. Nyumba yetu hapa ina chumba cha nyuma, nimeshakipaka rangi, kina dirisha upande wa mashariki. Wifi yako amekubali kabla sijamaliza kuuliza. Mchanga ukikushinda, au hata usipokushinda, njoo ukae. Umefanya kazi ya kutosha.

Dereva anapiga honi. Nyingine nitajibu baadaye.

Mdogo wako.


28 Machi

Kitindamimba,

Natumaini nyote wazima. Mwambie mvunja vioo shangazi yake anamsalimu na anamtunzia fimbo. Huku ndoa ya pili ya binti wa Fundi Cherehani imefungwa, na Fundi amejishonea suti mwenyewe, mkono mmoja mrefu kuliko mwingine. Anasema ndiyo mtindo.

Ahsante kwa mbegu. Na ahsante kwa chumba, na rangi, na dirisha. Mwambie wifi Mungu amzidishie. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Sihami, nimeshasema, usinipakie rangi.

Mvua ilinyesha siku mbili, tarehe kumi na kumi na moja, na siku ya tatu tulikuwa uwanjani wanawake ishirini na mmoja. Tulinyoosha kamba kutoka nyumba ya kwanza hadi ya kumi na tatu, tukachimba vishimo, tukatia mbegu. Fundi Cherehani, mwanamume pekee aliyejitokeza, alikaa kwenye kivuli na futi yake shingoni akituongoza.

"Mama Mpishi, mnapandia jangwa viraka?"

"Wewe si fundi? Njoo utie pindo."

"Pindo la kitambaa kisicho na mwisho! Mimi nalipwa kwa mita, utanifilisi Mungu."

Tulicheka mpaka Mama Usafi akaangusha jembe. Unamkumbuka Mama Usafi, jirani yangu wa kulia, yule anayefagia hata njia isiyo yake. Ndiye tuliyempa usimamizi, kwa sababu hakuna mkono kama wake.

Na zimeota! Siku ya tisa niliona nyasi, siku ya kumi na tano mgunga, vijani viwili viwili kama mikono inayoomba. Nilipiga magoti palepale. Sasa kila asubuhi Mama Usafi anatuongoza na mafagio. Tunafagia safu nzima, pande zote, vijiti, majani makavu, mavi ya mbuzi, hakibaki kitu. Ungepita ungedhani ni ua wa mkuu wa wilaya. Miche imesimama kwenye mchanga msafi, inapendeza mno.

Swali langu la pili hukulijibu. Ulisema "nyingine baadaye". Baadaye imefika.

Dada yako.


12 Mei

Kitindamimba,

Wiki sita hakuna barua, wala salamu kwa dereva. Naomba Mungu iwe ni uvivu tu.

Miche inakufa. Si kwa kiu, tunamwagilia kwa makopo. Si mbuzi, tumeweka zamu ya ulinzi. Inang'oka yenyewe. Asubuhi unakuta mizizi iko nje kama miguu ya kuku, mchanga umeondoka chini yake. Mingine imekatwa shingoni kana kwamba mtu amepitisha msasa. Kati ya mia tatu tumebakiwa na arobaini. Mama Usafi amelia mbele za watu, na yeye si mtu wa kulia. Anafagia mara mbili kwa siku sasa, anasema pengine ni uchafu unaoleta wadudu.

Upepo mkubwa unaanza mwezi wa sita. Kutoka kisimani ni hatua hamsini na tano. Muulize huyo Bibi wako tumekosea wapi. Jibu hilo tu, mengine weka.

Dada.


2 Juni

Dada yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa nikianza barua nachana. Wote wazima.

Nilimpelekea Bibi Mbegu barua yako ikiwa wazi mkononi. Alisoma, akavua kofia, akaniuliza swali moja. "Hao dada zako wanafagia?" Nikasema ndiyo, hata ua wa mkuu wa wilaya haufui dafu. Akaketi chini kabisa, barabarani, akacheka mpaka kofia ikapeperuka nikaikimbiza. Halafu akasema kwa upole, na nimeandika alivyosema nisije nikapotosha.

Ule mnaouita uchafu ndio ukuta. Kijiti kimoja kinadaka chembe, jani kavu linadaka, hata mavi ya mbuzi yanadaka. Ukifagia unaupa upepo njia nyeupe, unakimbia chini chini ukibeba mchanga, unachimba mizizi ya mche na kuukata shingo. Jangwani mche hauoti peke yake, unaota nyuma ya kitu. Nyuma ya jiwe, nyuma ya kichaka kikavu, nyuma ya mzoga. Anasema kama mnataka kujua pa kupanda, msiangalie pale mnapotaka nyinyi. Tafuteni kichaka kilichobaki, hata kimoja, mchungulie chini yake. Mtakuta udongo mweusi kidogo, mtakuta majani, mtakuta watoto wa miti mingine mliodhani imekwisha. Ndege anakula tunda la mswaki, anakwenda kutua kwenye mgunga, anaacha mbegu pale pale chini ya kivuli. Mbuzi anakula maganda ya mgunga, mbegu inapita tumboni inatoka laini, tayari kuota, na mbolea juu. Sisimizi wanaburuta mbegu za nyasi mashimoni, wanasahau nusu. Sisi tukifika na magunia, wenzetu wameshapanda zamani.

Kwa hiyo: wekeni fito na matawi makavu, yasimame mpaka magotini, yaache nafasi upepo upite kidogo, usiyazibe kama ukuta. Safu mbili, tatu. Pandeni nyuma yake. Na mafagio yafungieni ndani.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mwingine. Sikuuweka.

Mdogo wako.


26 Juni

Mdogo wangu,

Amani iwe kwenu. Mpwa wako amezalisha mapacha wawili usiku mmoja na mama yao ametaka kuwapa wote jina la mkunga. Mguu unauma upepo ukivuma, lakini nishauzoea kama mpangaji mbaya.

Kumwambia Mama Usafi aache kufagia! Heri ningeambiwa nimtoe jino. Nilimsomea barua yako uani kwake, neno kwa neno. Alisikiliza na fagio mkononi.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyeiua miche."

"Sote tulifagia."

"Mimi nilifagia mara mbili."

Akaniuliza, "Na Mungu anapenda usafi, au hata hilo nimekosea?" Nikamwambia Mungu anaupenda, ila pengine jangwa alilifagia mwenyewe kwa namna yake na hakutuomba msaada. Akanitazama. Kisha akaingia ndani, akatoka bila fagio, akachukua takataka yake yote ya wiki, matawi, mabua, vikapu vilivyokufa, akaenda kuimwaga kwenye safu huku amegeuza uso pembeni kama anayetupa paka. Fundi akapiga kelele kutoka kivulini, "Leo jua litazama asubuhi!" Naye, nakupa habari, ameleta magunia yake yote ya vipande vya nguo. Tumevifunga kwenye fito. Safu yetu sasa ina rangi zote, na mchanga umeanza kukaa nyuma yake. Umefika kiganja. Jana, kiganja na nusu. Miche arobaini iliyobaki imefunikwa mpaka shingoni na haijafa.

Nikafuata pia neno la Bibi Mbegu la kutafuta kichaka kilichobaki. Nilikwenda kule kwenye vilima, peke yangu, asubuhi. Vimebaki vinne. Kimoja kimekatwa nusu, nusu moja imelazwa, nyingine imesimama. Kitindamimba, nilikaa mbele ya ule mkato kama mtu aliyefunguliwa kitabu. Tabaka la mchanga, tabaka la majani, mchanga, majani, mpaka chini, na katikati mizizi minene kama mkono wangu. Miaka na miaka ya mti kukataa kuzikwa. Chini ya kile kichaka nimekuta miche tisa ya mgunga, na nyasi, na matundu ya sisimizi. Kama alivyosema. Nimechukua mbegu, sikung'oa mche hata mmoja.

Na nilitazama mkato wenyewe. Umenyooka. Aliyeukata hakuwa mtu wa kubahatisha, alikuwa na mkono mtulivu. Nimekuuliza mara mbili, hii ni ya tatu na sitauliza ya nne.

Dada yako.


15 Julai

Dada,

Shikamoo. Hatujambo.

Ni mimi.

Miaka saba iliyopita kampuni ya machimbo iliazima greda na mwendeshaji kwa siku tisa. Nilikuwa nimepewa greda mpya, nilitaka waone najua kazi. Waliniambia "safisha njia" na hawakuniambia wapi mpaka tulipofika. Nilipoona vile vilima nilijua nilipo. Nilizima injini, nikawasha sigara, na wakati ule nilikuwa nimeacha. Msimamizi akasema kuna nini. Nikasema hakuna.

Nilivihesabu nikivilaza, kwa sababu tulitakiwa kuandika kazi ya kila siku. Mia moja thelathini na saba. Nilijiambia ni vichaka tu. Nilijiambia barabara itawaletea gari, zahanati, biashara. Nilijiambia mengi, siku tisa ni nyingi ukiwa peke yako kwenye kibanda cha greda.

Nililala kambini kwao, kilomita mbili kutoka mlangoni kwako, na sikuja kukusalimu. Ningekuja ungeniuliza nafanya nini, ningekwambia, ungesema acha, na nisingeacha. Hilo ndilo nililoogopa.

Siku ya nne alikuja mama mmoja na dumu la maji. Akasema limetoka kwa mpishi wa shule, ameona vumbi, amesema mtu wa mashine atakuwa na kiu. Nilikuwa nimejifunga kitambaa usoni. Nilipokea kwa kichwa tu, asije akaijua sauti. Nikanywa yote. Maji ya kile kisima.

Chumba chenye dirisha nilianza kukijenga mwaka uliofuata, nilipoambiwa na dereva mmoja kwamba mchanga umeanza kutembea. Sasa unajua kwa nini nimekipaka rangi mara tatu.

Wifi yako alikuwa hajui. Nimemwambia leo, kabla ya kufunga bahasha.

Mdogo wako, kama bado.


8 Septemba

Kitindamimba,

Barua yako ilifika tarehe ishirini na nane Julai. Niliisoma jikoni shuleni. Chakula cha watoto kiliungua, mara ya kwanza katika miaka kumi na sita, na mwalimu mkuu alifikiri nimefiwa.

Sikukujibu kwa sababu kila nilipoanza kuandika, salamu ilikuwa ya uongo. Siwezi kumwandikia mtu kwamba natumaini u mzima wakati sina hakika kama nataka awe mzima. Nilikwenda kwenye sala. Nilimtaja kila mtu, mpaka Bwana Ardhi na rangi yake, nikifika kwako naruka. Wiki sita niliruka. Leo asubuhi sikuruka. Ndiyo maana naandika.

Nikueleze kwanza ya huku, maana yanakuhusu kuliko mtu yeyote. Mwezi wa nane upepo ulivuma siku nne mfululizo. Kazi ya fito ilikuwa haijafika nyumba ya Fundi, kushoto kwangu, palibaki uwazi wa kama mita kumi. Kwenye safu mchanga ulipanda mpaka kiunoni, ukasimama. Pale kwenye uwazi uliingia kama maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Umechukua jiko langu la nje, ukuta na paa. Kutoka kisimani ni hatua arobaini na moja upande ule, hamsini na nne kwingine. Tunazo wiki saba.

Vilima ningekusamehe upesi. Ulitumwa, ulikuwa na greda mpya, na sisi wote tulidhani ni vichaka tu. Mimi mwenyewe nimefagia miche mia mbili na sitini ikafa. Lakini maji, mdogo wangu. Nilimwombea yule mtu wa mashine. Niliona vumbi nikasema maskini, mtoto wa watu, yuko mbali na kwao.

Sasa sikiliza. Chumba sikitaki. Usinitumie kitu. Omba likizo uje, bila greda, na mikono yako. Unavijua vile vilima kimoja kimoja, uliviandika kwenye daftari la kazi. Utanionyesha kila kimoja kilikuwa wapi, na pale pale utaweka fito na utapanda mswaki. Vyote. Na kabla hujashika jembe utasimama mbele ya wanawake useme kwa mdomo wako. Mimi sijawaambia na sitawaambia. Si mzigo wangu.

Ukishindwa kusema, lori linarudi siku hiyo hiyo.

Dada yako. Ndiyo, bado.


20 Septemba

Dada,

Shikamoo. Nimepewa siku ishirini na mbili. Nakuja na lori la tarehe mbili. Bibi Mbegu amenipa gunia jingine, na glavu, nami nimezirudisha glavu. Daftari ninalo.

Ninaogopa. Nakuja.


6 Desemba

Mdogo wangu,

Salamu nyingi, za kweli. Wifi ameniandikia kwamba ulifika salama na viganja kama ganda la mti, na kwamba umelala siku mbili. Mwache alale, nilisema moyoni, kalipia usingizi. Mpwa wako anakusalimu. Anasema kidonda cha kidole ukikiosha kwa chumvi kama alivyokwambia kitapona, na kama hukukiosha usimwambie.

Ulipoondoka Fundi alikuwa hajakusemesha. Najua lilikuuma. Mwanamume yule hupiga soga na mlango, lakini kwako siku ishirini kimya. Wanawake ilikuwa rahisi zaidi, ulipomaliza kusema na Mama Usafi, niliyemtuma na lile dumu, akasimama mikono kiunoni, "Kumbe ni wewe uliyekunywa maji yangu bila ahsante!" nilijua tumevuka. Wanaotukana watakusamehe. Asiyesema ndiye wa kuogopa. Nyumba yake ndiyo iliyokuwa kwenye uwazi, na mashine yake ya kushonea ilijaa mchanga wiki nzima.

Bwana Ardhi alikuja tarehe thelathini na moja ya mwezi wa kumi, kama alivyoahidi. Akapima kwa utepe, si kwa miguu kama mimi. Upande wa Fundi mita ishirini na saba, kwingine arobaini. Mchanga haukufika kisimani. Akatembea safu nzima akishika vile vitambaa, kisha akataka kuona kule ulikopanda. Nikampeleka. Fito mia moja thelathini na saba, kila moja na kijilima chake kisichozidi beseni. Akaniuliza kama naamini vitu hivi vitasimamisha jangwa. Nikamwambia mimi naamini katika Mungu, hivi navimwagilia. Ameandika kwamba tusihamishwe mwaka huu. Mwakani atapima tena. Na mwaka unaofuata. Nimemwambia karibu sana, tutakuwepo.

Mswaki umeota kwenye fito themanini na tatu. Hamsini na nne bado, nitarudia mvua ikinyesha. Kwenye kile cha kumi na tisa, ulikosema greda liligonga jiwe, kimeota kitu ambacho hatukukipanda wewe wala mimi. Kina majani ya mviringo, manene, hakuna anayejua jina. Ndege atakuwa amepumzika kwenye fito. Nimemtumia Bibi Mbegu jani moja ndani ya bahasha hii, umwambie mwenye kofia huku tunataka jibu upesi.

Juzi tulikaa kupanga kazi ya safu ya pili, itakayoanza mvua ya kwanza ya Machi. Mwalimu mkuu aliandika zamu kwenye karatasi, wawili wawili. Tulipomaliza Fundi akaomba kalamu. Akaandika jina lako chini, akalipigia mstari kwa rula kama anayekata kitambaa, akaandika lake pembeni. Akasema, hakumtazama mtu, "Huyu mtu mstari wake umenyooka. Nataka kufanya naye."

Uko na Fundi, kuanzia nyumba ya kumi. Omba likizo mapema.

Dada yako.